Homa zetu na vidonge vya rangi mbili

NILIKUWA ukingoni mwa Ruvuma, upande wa Namoto, nikisubiri mtumbwi wa kuvukia kwenda Kilambo, pale nilipomwona kijana mmoja akija taratibu huku amejifunika shuka kama mzee aliyeshikwa na baridi ya alfajiri. Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa kali. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa ametandika turubai chini ya mwembe, akiuza sabuni, betri, viberiti, nyuzi za kushonea nyavu na, pembeni, beseni la dawa.

"Shikamoo mama. Nipe mbili za homa," alisema.

"Marahaba mwanangu. Pole."

Mama hakuuliza homa hiyo imeanza lini, wala kama kijana amepima malaria. Alichukua mkasi, akakata vidonge viwili vya rangi mbili, akaongeza na Panadol mbili, akapokea metikali zake. Kijana alivimeza palepale kwa maji ya dumu. Alituambia kwamba amerudi kijijini kwao wiki mbili tu zilizopita, kufyeka shamba ambalo limegeuka pori tangu walipokimbia.

Ningeweza kusema neno. Sikusema, kwa sababu ndani ya mkoba wangu mwenyewe mlikuwa na karatasi ya vidonge vilevile.

Nieleze vilifikaje humo. Tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, kila mtu alibeba alichoweza. Mimi nilibeba kitambulisho, simu, nguo za watoto na kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake mlikuwa na dawa. Kopo hilo tulikwenda nalo hadi Quitunda, tukapanda nalo boti hadi Pemba, na kwa muda wote tuliokaa kwa watu ndilo lililokuwa hospitali yetu. Mtoto akikohoa, tunafungua kopo. Mzee akiharisha, tunafungua kopo. Mtu akijikata mguu, tunapasua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Tuliporudi nyumbani tulikuta vituo vya afya vimechomwa, vingine vimeporwa hadi milango, na wauguzi wengi wametawanyika. Kopo likaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo ndugu msomaji, iwapo wewe ni miongoni mwa waliorudi, au unavuka mto kila wiki na mzigo wako wa biashara, ujue kwamba anayekuandikia leo si daktari wala si mtu aliyekaa pembeni akiwanyooshea wenzake kidole. Ni mwenzenu wa kopo. Nimeandika kwa sababu baada ya safari ile nilianza kuuliza na kusoma, na niliyoyakuta yamenifanya niogope kitu ambacho sikuwa nakiogopa.

Tuanze na lile ambalo wengi tumewahi kulisikia zahanati na kulipuuza. Vidonge vile ni antibiotiki: amoksisilini, ampisilini, tetrasaiklini na jamaa zake. Kazi yake ni kuua bakteria au kuwazuia wasizaane. Amoksisilini, kwa mfano, hushambulia ukuta unaoizunguka bakteria mpaka inapasuka. Virusi havina ukuta huo. Kirusi huingia ndani ya chembe hai za mwili wako na kuzifanyisha kazi yake, mithili ya mpangaji anayekula chakula cha mwenye nyumba. Kumpelekea amoksisilini ni sawa na kutega wavu wa dagaa ukitaka kunasa upepo.

Najua swali linalofuata, maana nami nililiuliza: mbona nilikunywa nikapona? Ni kwa sababu homa nyingi za virusi huisha zenyewe baada ya siku chache, ukinywa dawa au usiponywa. Mtu huanza kumeza vidonge siku ya tatu, pale homa inapokuwa imefika kileleni, na siku ya tano anaamka mzima. Ni kama mtu anayepiga ngoma ufukweni bahari ikianza kupwa. Maji yanarudi nyuma kwa wakati wake, naye anasema ni ngoma yake iliyoyafukuza.

Je, homa za virusi ni nyingi kiasi gani? Mwaka 2008 watafiti walichunguza kwa makini watoto 1,005 wenye homa waliofikishwa kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, nchini Tanzania, wakawapima karibu kila kitu kinachopimika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Takribani watoto saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Waliokuwa na ugonjwa wa bakteria walikuwa kama mmoja katika kila watano, na wenye malaria kama mmoja katika kila kumi. Kaskazini zaidi, katika hospitali za Moshi, utafiti wa miaka ya 2007 na 2008 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa homa waliolazwa walikuwa wameandikiwa kuwa ni malaria, ilhali vipimo vya uhakika viliwakuta nayo chini ya wawili katika kila mia.

Nionye hapa hapa. Cabo Delgado si Moshi. Kwetu malaria ni nyingi na inaua, hasa watoto wadogo, na asije mtu akasoma makala hii akalala na homa akijisemea kwamba ni virusi tu. Ninachosema ni kwamba homa haina jina mpaka ipimwe, na kwamba kidonge cha rangi mbili hakitibu malaria wala virusi. Yule kijana wa Namoto, kama alikuwa na mojawapo kati ya hayo mawili, alinunua kitu ambacho hakikuwa dawa yake.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema: sawa, hakimsaidii, lakini kinamdhuru nini? Metikali chache tu zimepotea. Nami nilikuwa nikiamini hivyo kwa miaka mingi, kwamba kidonge kikikosa kazi kinapita tu na haja.

Hakipiti hivi hivi. Ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria kwa matrilioni, na wengi wao ni wakazi halali. Wanasaga baadhi ya vyakula, wanatengeneza vitamini, wanawabana bakteria waharibifu wasipate nafasi. Jambo ambalo sayansi imelifahamu vyema katika miaka ya karibuni ni kwamba wakazi hao pia wanaiweka macho kinga ya mwili, hata dhidi ya virusi ambavyo havipiti kabisa tumboni. Antibiotiki haichagui. Inapoingia tumboni inafagia mwizi pamoja na mlinzi, na pale ambapo mwizi hayupo, inafagia walinzi peke yao.

Nitatoa mfano mmoja, na nimeuchagua kwa sababu ni wa kwetu hadi jina lake.

Mwaka 1952 na 1953, juu ya uwanda wa Makonde huko Newala, ng'ambo ya Ruvuma, ulizuka ugonjwa wa homa kali wenye maumivu ya viungo yaliyowafanya watu washindwe kusimama wima. Madaktari waliokuja kuuchunguza, Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, waliandika habari zake mwaka 1955 wakautaja kwa neno walilolisikia kwa wenyeji: chikungunya, lenye asili ya Kimakonde, kwa maana ya kupindana au kukunjamana. Juu ya uwanda ule maji ni ya shida, hivyo watu waliyahifadhi kwenye mitungi ndani ya nyumba, na mbu wa mchana, yule mwenye madoadoa meupe miguuni, alizaliana humo. Leo neno hilo la ndugu zetu Wamakonde linatamkwa na madaktari wa India, Brazili na Ufaransa, ingawa wengi wao hawajui limetoka wapi.

Na ugonjwa wenyewe unasafiri kama sisi. Mwaka 2004 ulizuka Lamu, na uchunguzi wa damu ukaonyesha kwamba takribani robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ukateremka Mombasa. Mwaka 2005 ukafika Ngazija, katika visiwa vya Komoro, ambako zaidi ya nusu ya watu walipatwa. Kutoka huko ukaingia Réunion na hadi mwaka 2006 kiasi cha theluthi moja ya wakazi wa kisiwa hicho walikuwa wameugua. Mwaka 2024 na 2025 umerudi tena Réunion kwa kishindo. Jamaa yake, homa ya denge, ilizuka Pemba yetu hii na Nampula mwaka 2014, mwaka uleule ilipowasumbua watu wa Dar es Salaam. Denge na chikungunya ni virusi vyote viwili, vinaenezwa na mbu yuleyule, na kwa mgonjwa siku za mwanzo vinafanana na malaria kiasi kwamba hata muuguzi mzoefu hawezi kuvitenganisha kwa macho.

Sasa sikiliza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa panya wa maabara. Waliwapa baadhi ya panya antibiotiki za kunywa, kisha wakawaambukiza virusi vya chikungunya. Ndani ya siku moja tu, panya waliokunywa dawa walikuwa na virusi vingi zaidi mwilini, na vimeenea mbali zaidi, kuliko panya ambao hawakunywa.

Sababu waliifuatilia hatua kwa hatua. Mwili unapovamiwa na kirusi, kuna chembe za kinga ambazo hutoa kitu kiitwacho interferoni, ambacho ni kama mbiu ya mgambo: kikisambaa kwenye damu, chembe nyingine zinafunga milango yao. Kwa panya waliofagiwa matumbo, mbiu hiyo ilipigwa kwa sauti ndogo, na chembe za damu ambazo zingepaswa kukataa virusi zikavipokea. Watafiti walipomrudisha tumboni bakteria wa aina moja tu, ambaye kazi yake ni kuigeuza nyongo iwe katika umbo jingine, mbiu ikasikika tena. Hata walipowapa panya ile nyongo iliyogeuzwa, bila bakteria mwenyewe, ilitosha. Na kuna jingine ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote: virusi vilipodhibitiwa kwa njia hiyo kwenye damu ya panya, mbu waliowauma nao waliambukizwa kwa uchache. Maana yake, kidonge ambacho hakikuhitajika huenda kisiishie kwa aliyekimeza. Jirani naye anaumwa na mbu huyohuyo.

Watafiti wa chuo hichohicho walikuwa wameona kitu kinachofanana mwaka 2018. Panya waliopewa antibiotiki, zikiwamo ampisilini na metronidazoli, ile tunayoiita Flagyl, walishindwa vibaya zaidi na virusi vya homa ya Nile Magharibi, denge na Zika. Kabla ya hapo, mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba panya waliopewa antibiotiki walijikinga hafifu dhidi ya virusi vya mafua makali.

Panya si watu, na sitaki kumuuzia msomaji hofu kama wengine wanavyouza vidonge. Mwili wa binadamu ni mkubwa, chakula chetu ni tofauti, na dozi walizopewa panya wale ni nzito kuliko viwili vya Namoto. Hata hivyo yapo majaribio machache kwa watu. Mwaka 2019 ilichapishwa habari ya watu wazima wenye afya njema, nchini Marekani, waliokubali kunywa antibiotiki kali kwa siku tano na kuchanjwa chanjo ya mafua. Bakteria wa matumbo yao walipungua kupita kiasi. Waliokuwa na kinga ya kutosha kutokana na mafua ya miaka ya nyuma hawakuonyesha tofauti kubwa. Lakini wale ambao kinga yao ya awali ilikuwa ndogo, miili yao ilitengeneza askari pungufu dhidi ya aina mojawapo ya kirusi kilichokuwa kwenye chanjo. Nilipolisoma hilo niliwafikiria watoto wetu waliozaliwa kambini, waliorukwa na chanjo, wanaorudi sasa kwenye vijiji vyenye mbu ambao miili yao haijawahi kukutana nao.

Nisieleweke vibaya. Antibiotiki ni miongoni mwa neema kubwa ambazo binadamu amepata kuzigundua, tangu Alexander Fleming alipoona ukungu ukiua bakteria kwenye kisahani chake mwaka 1928. Mtoto mwenye nimonia anayepumua haraka haraka na kifua kikiingia ndani anazihitaji, na anazihitaji leo. Vivyo hivyo mama mwenye maambukizi baada ya kujifungua. Wapo pia wenzetu wanaoishi na VVU ambao wameandikiwa kumeza Septrin kila siku. Hao wasiache hata siku moja kwa sababu ya makala hii. Utafiti uliofanywa Zambia na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto wenye VVU waliopewa dawa hiyo kila siku walikufa kwa uchache zaidi, pungufu ya asilimia 43, kuliko wasiopewa. Na mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Niger, Malawi na Tanzania, ambapo watoto wadogo wa vijiji vizima walipewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka. Vifo vilipungua kwa asilimia 13.5 kwa ujumla. Sehemu kubwa ya faida ilionekana Niger, wakati Tanzania na Malawi ilikuwa ndogo. Kwa maneno mengine, dawa ileile inaokoa palipo na bakteria wengi wa kuua, na haileti kitu kikubwa pasipokuwa nao. Kinachotofautisha ni nani ameamua, na kwa kipimo gani.

Kuhusu usugu wa dawa yamesemwa mengi kwenye redio na sina haja ya kuyarudia. Itoshe kutaja kwamba kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na kwamba nusu dozi, zile mbilimbili zinazokatwa kwa mkasi, ndiyo shule wanayosomea ukaidi. Fleming mwenyewe alilionya hilo mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel.

Basi mtu aliyerudi shambani, akapatwa na homa, afanye nini? Kwanza apime malaria. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu na robo saa ya kusubiri, na katika huduma za serikali hakilipiwi. Ikiwa ni malaria, atumie dawa mseto ya malaria mpaka iishe. Ikiwa si malaria na hana dalili za hatari, apumzike, anywe maji mengi, uji, madafu, na parasetamoli kwa kipimo. Asikimbilie aspirini wala diklofenaki, ambazo nazo nimeziona kwenye mabeseni, kwa sababu ikiwa homa ile ni denge dawa hizo zinaweza kumfanya avuje damu. Na dalili za hatari ni hizi: tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, fizi au pua kutoa damu, kulegea au kuchanganyikiwa, mtoto kukataa kunyonya au kupumua haraka. Hapo hakuna cha kusubiri. Akodi bodaboda, na kama hana nauli, majirani wachange.

Na mapipa ya maji yafunikwe. Baada ya visima na mabomba kuharibiwa, tumerudi kuishi kama watu wa Newala wa mwaka 1952, maji ndani ya ndoo na madumu yaliyokatwa vichwa. Mbu wa mchana anapenda maji hayo safi, tena ndani ya nyumba, wala hangojei usiku uingie chandaruani.

Nawageukia sasa wafanyabiashara wa mpakani, ambao najua baadhi yao wamekwisha kukunja uso. Hakuna anayewaita wauaji. Wakati barabara zilipofungwa na famasia hazikuwapo, ninyi ndio mliotuvushia chumvi, mafuta na hata Panadol. Lakini antibiotiki kwa sheria za pande zote mbili za mto si sabuni. Inatakiwa cheti. Mzigo wa beseni umepigwa jua kutwa nzima, tarehe ya mwisho imekatwa pamoja na kipande cha karatasi alichopewa mteja wa jana, na hujui kilichomo kama ni dawa au unga wa mhogo. Biashara ya parasetamoli, chumvi ya kuchanganya na maji kwa wanaoharisha, vyandarua na sabuni inatosha kulisha nyumba, na haina kesi.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaodhani kwamba dawa ya jambo hili ni askari kumwaga mabeseni mtoni. Mabeseni yatamwagwa, na wiki inayofuata yatarudi, yakiwa yamefichwa chini ya magunia, na bei imepanda. Watu hawanunui mbili za homa kwa kupenda. Wananunua kwa sababu kituo kiko kilometa nyingi, foleni ni ya kutwa, na siku nyingine ukifika unaambiwa dawa zimekwisha. Mwenye shamba la kufyeka kabla ya mvua hana siku tatu za kupoteza, na mama wa beseni hana foleni.

Jirani zetu waliligundua hilo mapema. Mwaka 2003, katika mkoa wa Ruvuma, ambao nao unapakana nasi, serikali ya Tanzania ilianza mpango wa maduka ya dawa muhimu. Badala ya kuyafunga maduka madogo ya vijijini yaliyokuwa yakiuza kila kitu kinyemela, iliwachukua wauzaji, ikawafundisha, ikawapa leseni na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza, kisha ikawakagua. Mpango ukaenea mikoa mingine. Haukuwageuza wauzaji kuwa malaika, maana hata leo huko antibiotiki zinauzwa bila cheti, tena kwa mafua ya kawaida. Lakini muuzaji ana jina ukutani, ana mafunzo, na mkaguzi anajua pa kumkuta. Mama wa Namoto hana hata kimoja kati ya hivyo, na sidhani kama angekataa akipewa.

Wizara ya Afya huko Maputo na serikali ya mkoa pale Pemba zinatumia fedha nyingi kuturudisha nyumbani, na tunashukuru. Tumeona mabati, mbegu, majembe. Naomba katika hesabu hiyo viingizwe vitu vidogo vitatu ambavyo havihitaji jengo. Wahudumu wa afya wa vijijini wapewe vipimo vya malaria na dawa mseto za kutosha kabla ya mvua, wala wasisubiri watu waanze kuzikwa. Vijana na kina mama wanaouza dawa mpakani waitwe, wafundishwe kwa wiki chache kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na atakayefaulu apewe kibali cha kuuza vile visivyo na madhara na kumpeleka mgonjwa mbele.

Cha tatu ni meza. Kwenye vivuko vyetu mtu anapita meza ya uhamiaji, kisha meza ya forodha, mmoja anatazama karatasi na mwingine anatazama mzigo. Iwekwe meza ya tatu siku za soko, yenye muuguzi mmoja, sanduku la vipimo, kipimajoto na kivuli. Mtu akija amejifunika shuka saa saba mchana, asipite bila kutolewa tone la damu.

Kuhusu kopo langu, nimelipeleka kwa muuguzi ninayemfahamu. Alimwaga vyote juu ya khanga, akavihesabu. Aina saba, karatasi nyingi hazina majina, tano zimepitwa na wakati tangu tukiwa Pemba. Alibakiza parasetamoli na pakiti mbili za chumvi ya kuharisha, akanirudishia kopo. Yule kijana sikumwona tena.